Kuweka Injini Tofauti katika Gari Ulilolijenga Mwenyewe

Kuinua injini kwa kreni na kuiteremsha kati ya reli mbili za chasisi ni kazi ya nusu siku, nayo ndiyo sehemu ambayo watu hupenda kuipiga picha. Miezi huishia kwingine: kwenye mhimili wa usukani unaopaswa kupita kando ya ekzosi bila kuigusa, kwenye propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma, inayopaswa kuzunguka bila kutetemesha sakafu, kwenye rejeta, kwenye tangi, na kwenye furushi la nyaya lililotolewa katika gari jingine kabisa. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari alilolijenga mwenyewe, au analoendelea kulijenga, ambaye ameamua kuacha injini iliyokusudiwa mwanzoni na kuweka nyingine. Ninafuata mfano wa gari lenye injini mbele, iliyolazwa kwa urefu wa gari, na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa kuwa huo ndio mpangilio wa magari mengi yanayojengwa nyumbani.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni utaratibu wa kazi. Mahali pa injini huamuliwa na vitu visivyoweza kuhama, yaani usukani, pedali, difu (gia za ekseli ya nyuma) na ardhi iliyo chini ya gari, na mengine yote hufuata baada ya hapo. Katika gari langu la kwanza nilichomelea mauntingi (vishikizo vinavyobeba injini) kabla ya kufunga mhimili wa usukani, kwa sababu kwa macho nafasi ilionekana kutosha. Manifoldi ya ekzosi ilipofungwa, mhimili haukupita. Nililazimika kukata mauntingi zote mbili, kusaga reli za chasisi na kuanza upya, na chuma kilichosagwa namna hiyo hakirudii unene wake wa awali.

Kuchagua injini

Wengi huanza na nguvu za farasi. Mimi huanza na sampu, yaani beseni la oili lililo chini ya injini. Injini iliyotengenezwa kwa ajili ya gari fulani ina sampu iliyofinyangwa kulikwepa boriti la mlalo la gari lile, na kina cha oili kinaweza kuwa mbele, katikati au nyuma ya injini. Katika chasisi yako, boriti la mlalo na reki ya usukani viko mahali pake, na kama sehemu yenye kina ya sampu inaangukia juu yake, una njia tatu tu: kuinua injini hadi igonge boneti, kuisogeza nyuma hadi iingie kwenye miguu ya dereva, au kubadilisha sampu pamoja na bomba la kunyonya oili. Njia ya tatu mara nyingi ndiyo sahihi, lakini inapaswa kujulikana kabla injini haijanunuliwa. Ukikata sampu na kuifupisha, oili inayopungua irudishwe kwa kuipanua pembeni, na vizuizi viwekwe ndani ili oili isikimbilie upande mmoja kwenye kona na kuliacha bomba la kunyonya likivuta hewa.

Mfano mzuri ni Ford Zetec, ambayo imewekwa katika magari mengi madogo ya mtindo wa Lotus Seven, gari jepesi la michezo lililo wazi. Injini hiyo ilibuniwa kukaa kwa upana katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Ikigeuzwa kukaa kwa urefu, sampu yake huwa na kina kikubwa mno kwa gari la chini, na nyumba ya thamostati, iliyo mwisho wa kichwa cha silinda upande wa giaboksi, huukuta ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mambo yote mawili yana ufumbuzi, na mafundi wengi wameyafanya, lakini anayejua mapema hupanga ukuta wake vizuri, na asiyejua huukata baadaye kwa grainda.

Baada ya sampu, pima urefu kutoka puli ya mbele hadi uso wa nyuma wa bloku, upana pamoja na manifoldi, na kimo kutoka chini ya sampu hadi juu ya njia ya hewa. Kisha uliza uzito. Ukubwa wa silinda haukuambii uzito: MGB GT V8 ya mwaka 1973 ilitumia injini ya Rover ya V8 ya alumini yenye lita 3.5, na injini hiyo haikuwa nzito kuliko ile ya silinda nne ya chuma yenye lita 1.8 iliyokuwa katika MGB ya kawaida. Kwa hiyo linganisha uzito wa injini zikiwa kamili, pamoja na alteneta, stata, flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenkishafti) na manifoldi, maana takwimu nyingi zinazotajwa ni za bloku tupu, na tofauti huweza kufika makumi ya kilo.

Angalia pia mwelekeo wa mzunguko. Injini nyingi, ukizitazama upande wa puli, huzunguka kama mishale ya saa, lakini injini za zamani za Honda, kama zile za familia ya B na D, huzunguka kinyume. Ukiziunganisha na giaboksi ya kawaida na difu ya kawaida, gari litakuwa na gia kadhaa za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Familia ya K ya kampuni hiyohiyo huzunguka kwa mwelekeo wa kawaida, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa kwake na wajenzi wa magari ya nyumbani.

Kabla ya kulipa, soma sheria ya usajili na ukaguzi inayolihusu gari lako. Mambo ya kuuliza ni matatu: kama kubadilisha injini kunahitaji kuandikishwa na namba mpya ya injini kuingizwa katika hati, kama kipimo cha moshi kitafuata mwaka wa gari au mwaka wa injini, na kama kampuni ya bima inahitaji kuarifiwa. Jibu la swali la pili linaweza kukulazimisha kubaki na kichujio cha moshi na sensa zake zote, na jambo hilo hubadilisha kabisa mpango wa ekzosi.

Kuinunua na kuipima

Nunua injini ikiwa na kila kitu kilichofungwa juu yake: nyaya zote bila kukatwa, kompyuta ya injini, sensa, giaboksi, alteneta, stata, pedali ya eksileta kama throto yake huendeshwa kwa umeme, na funguo pamoja na kizuia wizi. Injini za kisasa hazikubali kuwaka kompyuta isipoitambua chipu iliyo ndani ya ufunguo, na kutafuta sehemu hizo moja moja baadaye huchosha kuliko kazi yenyewe ya kuchomelea.

Ipime injini kabla ya kuijengea chochote. Toa plagi zote, zima mafuta na umeme wa plagi, fungua throto yote, kisha zungusha kwa stata na usome mgandamizo wa kila silinda. Kwa injini nyingi za petroli utapata kati ya baa 10 na 13, lakini lenye maana kubwa ni ulinganifu: silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, kuna vali, ringi au gaskiti inayovuja. Mimina kijiko cha oili katika silinda hiyo na upime tena. Mgandamizo ukipanda, tatizo liko kwenye ringi, na usipopanda, tazama vali au gaskiti ya kichwa.

Injini ikiwa bado sakafuni, badilisha sili ya nyuma ya krenkishafti, mkanda wa taimingi pamoja na roli zake, pampu ya maji na sahani ya klachi. Vitu hivi ni rahisi kuvifikia sasa, na ni vigumu mno injini ikishaingia katika chasisi nyembamba.

Kutafuta mahali pake

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe hata kidogo. Weka gari juu ya sakafu iliyo sawa, likiwa katika kimo litakachokuwa nacho barabarani, kwa kuweka vipande vya mbao au chuma mahali pa springi ikiwa bado hazijafungwa. Funga mhimili wa usukani, pedali zote, silinda kuu ya breki, sevo (kisaidizi cha breki), rejeta na boneti. Kisha chukua bloku tupu na ganda tupu la giaboksi, bila krenkishafti wala gia, uviunganishe, na uvitumie kama kielelezo. Bloku tupu huweza kusogezwa na watu wawili, na kazi hii ya kusogeza utairudia mara nyingi. Kama huna bloku nyingine, tumia injini kamili lakini ivue kila kisichohusu vipimo, na usiiache ikining'inia kwenye mnyororo wa kreni wakati mkono wako uko chini yake; tumia jeki na magogo ya mbao kuishikilia.

Utaratibu wangu wa kupima ni huu. Kwanza tundika uzi wa timazi katikati ya mbele na katikati ya nyuma ya chasisi, na uvute uzi wa katikati kati ya pointi hizo. Pili, weka giaboksi ili rungu la gia liangukie mkononi mwa dereva na ganda la klachi lisizibe nafasi ya pedali. Tatu, teremsha injini hadi sampu iwe juu ya sehemu ya chini kabisa ya chasisi, ili jiwe likutane na chuma cha chasisi kabla ya kukutana na sampu ya alumini. Nne, pima nafasi zilizobaki: milimita 25 kati ya injini na kitu chochote kisichosogea pamoja nayo, milimita 15 hadi 20 kati ya sampu na boriti la mlalo, na milimita 40 au zaidi kati ya ekzosi na mhimili wa usukani au mabomba ya breki. Injini iliyo juu ya mpira husogea kuliko unavyofikiri, hasa inapowashwa na inapozimwa.

Nafasi upande wa usukani ikikosekana, unaweza kusogeza injini yote kando ya mstari wa katikati kwa milimita 20 au 30, mradi mstari wake ubaki sambamba na mstari wa gari. Magari mengi ya viwandani yamefanywa hivyo, na propela haidhuriki kwa kuwa mkato mdogo wa pembeni ni pembe kama nyingine.

Sasa pembe. Krosijointi, yaani kiungo kinachojikunja kwenye kila mwisho wa propela, ikifanya kazi kwa pembe, upande wa pili wake hauzunguki kwa kasi ileile wakati wote, bali huongeza na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko. Krosijointi ya nyuma hufuta kosa hilo la mbele iwapo pembe zote mbili ni sawa na mhimili wa giaboksi uko sambamba na mhimili wa pinioni ya difu (gia ndogo inayopokea propela). Kwa hiyo lengo ni usambamba. Injini nyingi huinamishwa nyuma kwa takribani digrii 3, na pinioni ya difu huelekezwa juu kwa kiasi hichohicho. Weka kila krosijointi kati ya digrii 1 na 3, na tofauti kati ya pembe mbili isizidi digrii 1. Usiweke sifuri: krosijointi isiyo na pembe kabisa haizungushi roli zake ndogo, nazo hujichimbia mashimo mahali pamoja. Ikiwa ekseli yako ya nyuma ni nzima inayopanda na kushuka na magurudumu, pima pembe hizi gari likibeba uzito wake wa kawaida pamoja na dereva.

Ukisharidhika, acha kielelezo hapo kwa siku chache kabla ya kuchomelea chochote. Rudi, kaa kwenye kiti, kanyaga klachi, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, funga boneti, jaribu kuingiza na kutoa mkono ukiwa umeshika spana ya kubadilishia chujio cha oili. Makosa mengi niliyoyaepuka nimeyaona katika ziara hizo za utulivu.

Mauntingi

Kazi ya mauntingi si kubeba uzito tu. Injini na giaboksi zikiwa zimeungana, mauntingi hupokea msukosuko wote wa nguvu inayotoka giaboksi. Injini yenye nyutoni-mita 200, katika gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.5, hutoa nyutoni-mita 700, na kama mauntingi ziko umbali wa nusu mita, moja husukumwa chini na nyingine huvutwa juu kwa nguvu ya nyutoni 1,400, sawa na uzito wa kilo 140 hivi, kabla ya kuhesabu mshtuko wa kuachia klachi ghafla. Ndiyo maana bamba la pembe moja lililochomelewa pembeni ya reli halitoshi. Tumia bamba la milimita 5 panapofungwa bolti, mabomba yenye unene wa milimita 3, na uweke kila mkono wa mauntingi katika umbo la pembetatu, ukigusa chasisi juu na chini.

Chagua mipira ya gari linalojulikana, ambayo inaweza kupatikana tena ikichakaa, na iwe ya aina ambayo chuma chake hushikana hata mpira ukikatika. Mauntingi mbili za mbele na moja chini ya giaboksi ndio mpangilio wa kawaida. Tengeneza vipande kwa karatasi ngumu kwanza, kisha kwa chuma, kisha vishikize kwa nukta chache za kuchomelea injini ikiwa mahali pake. Hapo ondoa injini, umalizie kuchomelea kwa utulivu, na urudishe kuhakikisha kwamba bolti zinaingia kwa vidole bila kulazimishwa. Kabla ya kuchomelea gari lenye kompyuta, ondoa betri na uchomoe plagi za kompyuta. Na tangi la mafuta litolewe kabisa katika jengo.

Giaboksi, klachi na propela

Ikiwa injini na giaboksi vimetoka gari moja, sehemu hii ni fupi. Ikiwa unaunganisha injini na giaboksi za familia tofauti kwa bamba la kati au kwa ganda jingine, kuna kipimo kimoja kisichosameheka: kitovu cha krenkishafti na kitovu cha giaboksi viwe kwenye mstari mmoja. Funga geji ya mshale kwenye flaiwili, zungusha injini kwa mkono, na mshale utembee ndani ya tundu la ganda la klachi; usomaji wote usizidi milimita 0.13. Ukizidi, pini za mwongozo ndizo za kurekebishwa, kwa kuwa bolti zina uwazi ndani ya matundu yake na haziwezi kushika kitovu. Giaboksi iliyofungwa nje ya kitovu hula beringi yake ya mbele, huruka gia, na huua sahani za klachi, na fundi huweza kubadilisha klachi mara tatu bila kushuku chanzo chenyewe.

Hakikisha pia kwamba beringi ndogo iliyo mwisho wa krenkishafti inalingana na ncha ya shafti ya giaboksi, kwamba meno ya sahani ya klachi yanaingia kwenye shafti hiyo, na kwamba stata inafikia meno ya flaiwili. Bolti za flaiwili ziwe mpya.

Propela ipimwe mwisho, gari likisimama juu ya magurudumu yake. Sukuma shingo inayoteleza ndani ya giaboksi hadi mwisho, ivute nje milimita 20 hadi 25, kisha pima kutoka kitovu cha krosijointi ya mbele hadi kitovu cha ile ya nyuma. Mpe kipimo hicho fundi mwenye mashine ya kusawazisha. Kukata na kuchomelea propela nyumbani, hata kwa mkono mzuri, siungi mkono, kwa maana bomba hilo huzunguka chini ya miguu yako maelfu ya mara kwa dakika.

Maji, mafuta na ekzosi

Rejeta ya gari lililotoa injini ndiyo kipimo cha kuanzia, lakini eneo la uso wake lina maana kuliko unene. Ziba nafasi zote pembeni yake ili hewa isipate njia rahisi ya kuikwepa, na uweke feni ya umeme yenye ganda linalofunika uso wote. Tangi dogo la maji liwe juu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mfumo, na kila mahali ambapo hose inapanda kisha kushuka pawe na njia ya kutolea hewa. Injini zilizoingizwa katika magari ya chini hukwama mara nyingi kwa sababu ya kiputo kimoja kilichojificha kwenye kichwa cha silinda. Kifuniko chenye shinikizo la baa 1 huinua kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi, kwa hiyo kifuniko kibovu huleta joto hata rejeta ikiwa nzuri.

Kwa mafuta, tofauti kubwa ni kati ya kabureta na sindano. Kabureta hutaka shinikizo la baa 0.2 hadi 0.35 tu, wakati mfumo wa sindano hufanya kazi kwa baa 3 hivi. Ukitoka kabureta kwenda sindano, badilisha pampu, chujio, hose zote ziwe za kustahimili shinikizo hilo, na weka njia ya kurudisha mafuta tangini ikiwa injini yako inaihitaji. Pampu ikae chini ya usawa wa mafuta, kwa kuwa hujua kusukuma kuliko kuvuta. Tangi la zamani lisilo na vizuizi ndani litaiacha pampu ikimeza hewa kwenye kona ndefu. Ongeza vizuizi, au weka tangi dogo la kati linalobaki limejaa wakati wote.

Ekzosi ipite mbali na mabomba ya breki, mafuta na klachi, na penye ulazima wa ukaribu weka ngao ya bati yenye uwazi wa hewa nyuma yake. Kipande kinachojikunja kati ya injini na bomba refu ni lazima, la sivyo manifoldi itapasuka. Sensa ya oksijeni ifungwe upande wa juu wa bomba, ikiinuka angalau digrii 10 kutoka mlalo, ili maji yanayotokana na moshi baridi yasiingie na kupasua kauri iliyo ndani yake.

Umeme

Tandaza furushi la nyaya juu ya meza ndefu na uandike lebo kwenye kila plagi kabla ya kukata uzi wowote. Ukiwa na mchoro wa umeme wa gari lililotoa injini, gawanya nyaya katika makundi mawili: zinazotumikia injini, na zinazotumikia taa, milango, vioo na viti. Kundi la pili liondolewe polepole, uzi mmoja mmoja, kwa kufuata mchoro na si rangi peke yake, kwa sababu rangi hurudiwa. Utakapomaliza, kinachobaki huwa kidogo kwa namna ya kushangaza: umeme wa kudumu, umeme wa swichi, relei kuu, relei ya pampu ya mafuta, earthi, sensa ya krenkishafti na ya kemshafti, ya joto la maji, ya hewa, ya throto na ya oksijeni, pamoja na sindano na koili. Baadhi ya kompyuta hutaka pia ishara ya mwendo wa gari.

Pampu ya mafuta iwashwe na kompyuta kupitia relei yake. Usiiunganishe moja kwa moja na swichi. Kompyuta huizima pampu mara injini inapoacha kuzunguka, na katika ajali yenye bomba lililokatika, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama petroli itaendelea kumwagika. Ongeza na swichi inayokata umeme wa pampu kwa mgongano.

Earthi ndiyo chanzo cha matatizo mengi yasiyoeleweka. Injini imekaa juu ya mpira, hivyo haina njia ya umeme hadi chasisi mpaka uitengenezee. Weka kebo nene kutoka bloku hadi chasisi, na nyingine kutoka chasisi hadi betri, zikigusa chuma kilichosafishwa rangi. Ikikosekana, umeme wa stata hutafuta njia kupitia kebo ya klachi au ya eksileta na kuziunguza. Kebo ya stata iwe ya milimita za mraba 35, na 50 kama betri iko nyuma. Ili kuthibitisha, zungusha stata huku mita ikisoma volti kati ya bloku na ncha hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2 kwa kiasi kinachoonekana, kuna muungano mbovu. Earthi za sensa zirudi kwenye kompyuta yenyewe kama mchoro unavyoonyesha, na kinga ya uzi wa sensa ya krenkishafti iunganishwe na earthi upande mmoja tu.

Kila uzi wenye umeme wa kudumu upitie fyuzi iliyo karibu na betri. Nyaya zifungwe mbali na ekzosi, na penye kupita ukutani pawe na mpira wa tundu.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Jaza oili na maji. Kizima moto kiwe mkononi mwa mtu wa pili ambaye kazi yake ni hiyo peke yake. Toa plagi, zima mafuta na koili, na uzungushe kwa stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi geji ya oili ipande. Hii huzuia beringi kuanza kazi zikiwa kavu. Kisha washa pampu ya mafuta bila kuzungusha injini, na ukague kila muungano kwa tochi na kwa pua.

Rudisha plagi, washa. Shinikizo la oili lionekane ndani ya sekunde chache. Kanuni ya kawaida ni baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 ya dakika, injini ikiwa na joto. Lisipoonekana, zima mara moja. Ikiwa injini ni ya zamani yenye kemshafti mpya ya tapeti bapa, usiiache ikiunguruma polepole, bali ishikilie kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika 20, kwa sababu tapeti hizo hutegemea oili inayorushwa na krenkishafti. Volti kwenye betri ziwe kati ya 13.8 na 14.4. Subiri thamostati ifunguke, hose ya chini ya rejeta ipate joto, na feni iwake na kuzimika yenyewe mara mbili. Hapo zima, acha ipoe kabisa, na uongeze maji yaliyoshuka.

Kabla ya kutoka getini, kumbuka kwamba umebadilisha uzito wa mbele na kasi ya gari. Pima uzito wa kila gurudumu ukiweza, chagua springi za mbele upya, na uhakikishe kwamba breki, pamoja na uvutaji wa hewa wa sevo kutoka injini mpya, zinalisimamisha gari kwa unyoofu kutoka mwendo mdogo, kisha wa kati. Safari ya kwanza iwe fupi na karibu, bila abiria. Baada ya kilomita 100, kisha 500, inua gari na ukaze upya bolti za mauntingi, za ganda la klachi, za propela na za manifoldi, ukichora mstari wa rangi juu ya kila bolti na mahali inapokaa, ili ukaguzi unaofuata uwe wa kutazama tu kama mistari bado imenyooka.